Kitenzi "unbend" na matumizi yake: mwongozo kwa wanaojifunza Kiingereza kusini

"Unbend" si neno la kila siku. Hulisikii sokoni wala redioni, ila ukianza kusoma hadithi za Kiingereza utakutana nalo, na ukifungua kamusi utapewa maana tatu ambazo kwa kuzitazama hazina undugu: kunyoosha kitu kilichopinda, mtu mkali kulainika, na kufungua tanga kwenye foromali, yaani ule mti unaobeba tanga. Wanafunzi wengi wa hapa Mtwara hushika ile ya kwanza kwa sababu ndiyo nyepesi. Siku wakikutana na sentensi "The headmaster unbent a little", wanaandika kwamba mwalimu mkuu alinyooshwa kidogo, na darasa zima linaangua kicheko, maana shuleni kila mtu anajua kunyooshwa ni nini.

Hakuna haja ya kukariri orodha. Maana zote tatu zilizaliwa kwenye kifaa kimoja, nacho ni upinde.

Hatua ya kwanza: shika upinde

Chukua upinde wa kweli, au tengeneza wa kitoto kwa ufito na kamba ya katani. Ufito ukiwa peke yake umenyooka. Ukiifunga kamba, ambayo kwa upinde huitwa upote, ncha hii na ncha ile, ufito unajikunja na kamba inakaza. Sasa ifungue. Mambo matatu yanatokea kwa mpigo: fundo linafunguka, ufito unanyooka, na ule mkazo wote unakwisha.

Turudi kwenye lugha. "Bend" leo tunalijua kwa maana ya kupinda, lakini katika Kiingereza cha kale lilikuwa neno la kufunga, hasa kuufunga upinde upote wake. Ni ndugu wa "bind" na "band". Kwa kuwa upinde uliofungwa hupinda, watu wakazoea kulitumia kwa kupinda kwenyewe, na maana hiyo ikaimeza ile ya zamani. Sisi tulikwenda njia ya kinyume: tulikuwa na kupinda, tukapata upinde. Waingereza wa enzi zile walikuwa watu wa pinde kwelikweli. Mishale yao ilichangia sana ushindi dhidi ya Wafaransa pale Agincourt mwaka 1415. Na mpiga mshale mwenye akili hakuuacha upinde wake umekazwa usiku kucha, kwa sababu mti uliokazwa muda mrefu huzoea kule kupinda na nguvu yake ya kurusha hupungua. Akimaliza kazi anaufungua. Kuufungua huko ndiko "unbend" ya mwanzo.

Basi shika hivi: fundo kufunguka ni maana ya baharini, ufito kunyooka ni maana ya vitu, mkazo kwisha ni maana ya watu. Ukiona neno hili mahali popote, jiulize ni kipi kati ya hivyo vitatu kinachosemwa.

Hatua ya pili: jua ni "un-" ipi

Kiswahili kina kauli ya kutendua. Kunja, kunjua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Choma, chomoa. Tega, tegua. Angalia kwamba huku si kukanusha. Mtu ambaye hakufunga mlango hajaufungua. Ili afungue, lazima kwanza uwe umefungwa. "Un-" ya "unbend" ni ya namna hiyo, sawa na "untie", "unlock", "unfold" na "unload". Ipo "un-" nyingine inayokaa mbele ya sifa, kama "unhappy" na "unclean", na hiyo kazi yake ni kukanusha tu. Sura zao ni moja lakini kazi mbili, na ukizichanganya utaumia tutakapofika hatua ya sita.

Tahadhari: usichukue "pinda" ukaibandika "-ua" ukadhani umepata jibu. Kupindua ni jambo jingine kabisa. Waliofanya Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964 hawakuwa wananyoosha waya. Neno letu linalokaa sawasawa na "unbend" ni kukunjua, kwa sababu nalo lina pande mbili: mtu hukunjua mkono, na mtu hukunjua uso. Humo ndimo alimotoka mkunjufu. Walimu wengi hukimbilia "kunyoosha" na kuliacha hili, wakati lingewaokoa kwenye maana ya watu ambayo ndiyo ngumu.

Hatua ya tatu: vitumie vitu vilivyopindwa

Mfano mzuri uko kwenye eneo lolote la ujenzi. Nondo nyingi hutoka kiwandani zikiwa na urefu wa mita 12, na ili zienee kwenye lori ndogo hukunjwa katikati. Zikifika, vijana huzikunjua kwanza ndipo zikatwe. Hapo "unbend" inakaa bila ubishi: "The workers unbent the steel bars before cutting them." Kitu kilikuwa kimenyooka, kikapindwa, sasa kinarudishwa kilivyokuwa. Tumia vivyo hivyo kwa waya, msumari uliong'olewa kwenye mbao kuukuu, au klipu ya karatasi.

"Straighten" ni pana zaidi. Inachukua hivyo vyote, pamoja na tai iliyokaa upande, picha ukutani, foleni ya wanafunzi, na barabara yenye kona nyingi ambayo mkandarasi ameamua kuifupisha. Ushauri wangu ni huu: ukisita, andika "straighten", hutakosolewa. "Unbend" iweke pale unapotaka msomaji akione kile kitendo cha kukunjua, mkono na nguvu na chuma kikibisha.

Kitenzi hiki hakibadiliki sura kati ya kunyoosha na kunyooka. Sisi tunabadilisha: fundi ananyoosha, ndoano inanyooka. Mwingereza anatumia neno lilelile. Mvuvi wa Msangamkuu aliyeshikwa na kolekole mkubwa akavuta mshipi na kukuta ndoano imenyooka, anaweza kusema "The fish unbent my hook", au akaacha kumtaja samaki na kusema "My hook unbent." Hapa wanafunzi hupenda kuingiza "was" bila sababu. "The hook was unbent" si kosa la sarufi, lakini humfanya msomaji atafute nani aliyeinyoosha.

Wakati uliopita ni "unbent", na ndivyo inavyobaki baada ya "have" na "had". "Unbended" usiandike. Kwenye matamshi, "un" ianze na sauti inayokaribia "a" yetu ya "andika", mkazo uwe kwenye "bend", na usimalizie na "i". Ukiisikia "n" inageuka "m" mdomoni mwako kwa sababu ya ile "b" inayoifuata, usijali. Hata wenye lugha yao huwatokea wanapozungumza haraka.

Sasa mtego mkubwa, nao uko upande wetu. "Kunyoosha" kwa Kiswahili hufanya kazi nyingi mno, na nyingi kati ya hizo "unbend" haiziwezi. Kunyoosha nguo ni "iron". Kunyoosha mkono darasani ni "raise your hand" au "put up your hand". Kumnyooshea mtu kidole ni "point at". Kunyoosha miguu baada ya kukaa kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni "stretch your legs". Kumnyoosha mtoto mkaidi ni "discipline". Kunyoosha nywele ni "straighten" ikiwa ni kwa pasi ya nywele, na ikiwa ni kwa dawa ni "relax", ndiyo maana saluni zote za kwetu zinasema rilaksa. Ajabu ya Kiingereza: "relax" na "unbend" zote mbili zina kunyooka na kulegea ndani yake, lakini mwambie msusi "unbend my hair" uone atakavyokutazama.

Kwa mwili lipo, kwa kiasi. Mama anayeokota korosho chini ya mkorosho huinama muda mrefu, na anaposimama hasimami kwa mara moja. "She unbent slowly, one hand on her back." Sentensi hiyo inaonyesha maumivu bila kuyataja. Ungeweka "stood up" ungepata kusimama tu. Daktari akimwelekeza mgonjwa atasema "straighten your back" au "straighten your leg". "Unbend" ni ya msimulizi zaidi kuliko ya mtoa maelekezo.

Hatua ya nne: watu, na hapa usiharakishe

Maana hii ndiyo inayolipa neno uhai wake. "Unbend" kwa mtu ni kuacha ukali au urasmi, mkazo ukamtoka, akawa mkunjufu. Lakini haimfai kila mtu, na hapo ndipo wengi huteleza.

Sharti la kwanza, mtu huyo awe alikuwa amekaza. Mfikirie katibu wa chama cha msingi cha ushirika msimu wa korosho. Tangu Oktoba yuko mezani na daftari, mizani pembeni, uso umekunjwa, salamu anajibu kwa kifupi kwa sababu kila anayemsalimia ana neno kuhusu kilo zake. Malipo yametoka, watu wana pesa, kijiji kina harusi. Katibu amekaa kwenye kiti cha wageni wa heshima, mikono kifuani. Ngoma za sindimba zinaanza. Kwanza ni mguu unaogonga chini, kisha tabasamu, kisha anaonekana katikati ya uwanja na koti amelitupa kitini. "When the drums began, even the secretary unbent." Sasa badilisha uweke kijana mcheshi ambaye tangu asubuhi alikuwa anacheza. Sentensi inakufa. Hana cha kukunjua.

Sharti la pili, mtu ndiye anayejikunjua, humkunjui wewe. Unaweza kuandika "The old man unbent", lakini "I unbent the old man" inamgeuza mzee kuwa nondo. Ukitaka kusema wewe ndiye uliyemlainisha, tafuta njia nyingine: "I made the old man laugh", au "My jokes helped him unbend." Katika maandishi ya zamani utakuta "unbend the mind", kupumzisha akili, nayo inatoka moja kwa moja kwenye upinde uliofunguliwa upote. Ielewe ukiiona, kuiandika leo ni kujitafutia sifa ya uzee.

Neno hili pia hupenda wenzake maalumu, nami nawashauri wanafunzi wawashike kwa pamoja. "Unbend a little." "Unbend slightly." "Begin to unbend." Na ule ninaoupenda kuliko yote, "unbend enough to", ambao unaeleza mtu amelainika kiasi cha kufanya jambo fulani tu, basi. "The customs officer unbent enough to offer us a chair." Afisa wa forodha hajawa rafiki yako, mizigo bado ataikagua yote, ila kiti amekupa. Kiswahili tungesema alikunjua uso kidogo akatupa kiti, na ile "kidogo" ndiyo inayobeba kila kitu.

Adabu nayo iangaliwe. "Unbend" ni neno la kumsimulia mtu, si la kumwambia usoni. Huwezi kumwendea baba mkwe siku ya kutoa posa ukamwambia "Unbend, sir!" Utarudi na mahari yako. Hata baina ya marafiki, "Why don't you unbend a little?" ina sumu kidogo, kwa maana inamwambia mtu kwamba yeye ni mgumu. Vijana wakitaka kumwambia mwenzao aache kujikaza husema "relax" au "loosen up".

Wapo pia majirani wanaofanana nalo. "Unwind" ni ya mtu aliyechoka: ametoka mnadani, au amemaliza zamu bandarini, anakwenda ufukweni Shangani kupunga upepo. Uchovu ndio unaomtoka. "Unbend" ni ya mtu aliyekaza, si lazima awe amechoka. "Relax" inachukua wote wawili, ndiyo maana ni salama zaidi na haina ladha. "Relent" ni kuregeza uamuzi: mwalimu alikataa ruhusa, kisha akakubali. Mtu anaweza ku-relent huku uso umekunjwa vilevile, na anaweza kukunjua uso, akacheka na wewe, akakunywesha na kahawa, na ruhusa bado asikupe. Kwa hiyo "kulegeza kamba" tunakokusikia kwenye taarifa za habari za mazungumzo na migomo kuko karibu na "relent" au "give way", ingawa kwa sababu ya kamba ile ungeweza kudhani ni ya upinde wetu.

Hatua ya tano: baharini

Kama huna mpango wa kusoma habari za vyombo vya tanga, hatua hii unaweza kuiruka. Mtu wa Mikindani au Kilwa Kivinje asiiruke, maana anajua kazi hii kuliko waandishi wengi wa kamusi.

Mabaharia wa Kiingereza walibaki na ile maana kongwe ya "bend", kufunga. "Bend a sail" ni kulifunga tanga kwenye foromali yake. "Unbend a sail" ni kulifungua likatoka kabisa, ili lishonwe viraka au lihifadhiwe chombo kinapowekwa. Hata kamba ikitolewa kwenye nanga ni "unbend". Wavuvi wa nyavu nao wana "bend" mikononi bila kuijua: fundo la jicho la wavu limesukwa kwa namna ileile ya fundo ambalo Waingereza huliita "sheet bend".

Mtego uko hapa. Kulikunjua tanga kwa Kiswahili ni kulifungulia likamate upepo, chombo kiondoke. Hiyo kwa Kiingereza ni "unfurl". Kulitua ni "lower", kulitweka ni "hoist". Ukitafsiri "The crew unbent the sails" kuwa walikunjua matanga, umewapeleka watu safarini siku ambayo wamefunga kazi.

Hatua ya sita: jihadhari na "unbending"

Sasa zile "un-" mbili zinagongana. "Unbending" ikiwa sifa ni kukanusha: asiyepinda, asiyeyumba, mgumu wa msimamo. "An unbending headmaster" ni mwalimu mkuu ambaye umechelewa dakika moja na geti limefungwa. Yaani kitenzi kinasema mtu amelainika, na sifa iliyojengwa kwa herufi hizohizo inasema halainiki. Usitafute haki katika jambo hili. Litazame tu neno limekaa wapi. Likiwa mbele ya jina, au baada ya "very" na "so", ni ugumu: "She is very unbending." Likiwa na "slowly", "gradually" au "at last" karibu yake, mara nyingi ni kitenzi kinachoendelea: "He is slowly unbending", anaanza kulainika. "He is unbending" peke yake, bila kitu cha kuisindikiza, itasomwa kama ugumu.

"Unbent" nayo huwa sifa, ya kitu ambacho hakikupinda: mti uliosimama wima baada ya dhoruba, au mzee ambaye miaka mingi imempita na mgongo uko sawa. Na kumbuka kwamba si kila "bend" ina "unbend" yake. Kupinda sheria ni "bend the rules", lakini kuirudisha sheria mahali pake hakuitwi "unbend the rules". "Bent on" ni kudhamiria, nayo haina kinyume cha namna hii.

Hatua ya saba: jipime

Funika majibu kwa mkono. Kwa kila sentensi amua kwanza kama "unbend" inafaa, ndipo uandike.

Babu alikunjua uso kidogo, akatukaribisha kahawa.
Ninyooshee shati hili, kesho nina usaili.
Walitua tanga, wakalifungua kwenye foromali ili walishone.
Mkuu wetu wa shule hapindi hata ukilia.
Nimechoka na mnada, nataka kupumzika.
Msumari huu umepinda, unyooshe tuutumie tena.

Ya kwanza inafaa: "Grandfather unbent enough to offer us coffee." Ya pili haifai, ni "iron". Ya tatu inafaa, na hakikisha vitenzi vyote viwili vipo, maana kulitua si kulifungua: "They lowered the sail and unbent it for mending." Ya nne ni sifa, "unbending", na "hata ukilia" andika "however much you cry". Ya tano ni "unwind". Ya sita inakubali "straighten" na "unbend" zote mbili. Mimi ningechagua "straighten", kwa kuwa anayesema ana nyundo mkononi na hana haja ya kusimulia.